Sufuria Lililoingia Ziwani

Harufu ya masizi yaliyolowa ni tofauti na harufu ya moshi. Moshi unapanda, unawasha macho, unapita zake. Masizi ya chini ya sufuria yakimwagiwa maji yanatoa harufu nzito na ya baridi, kama chuma na majivu vimechanganywa, na inang'ang'ania vidoleni hadi kesho yake. Najua wengine mtasema hamjawahi kuisikia. Hata mimi nimekulia kwenye jiko la gesi, hapa Tumbi, Kibaha, na masufuria ya kwetu yanang'aa ndani na nje. Lakini Jumamosi moja ya mwezi uliopita gesi iliisha maharage yakiwa bado magumu. Mama yangu, ambaye kwao ni Maneromango kule Kisarawe na hababaiki na mambo madogo, akatoka uani, akapanga mawe matatu, akawasha kuni za mkorosho. Maharage yakaiva. Sufuria likawa jeusi tii, na kazi ya kulisugua ikawa yangu.

Nilichuchumaa karibu na bomba nikalimwagia maji. Ile harufu ikapanda, na ghafla sikuwa Kibaha tena. Nilikuwa na miaka tisa, nimechuchumaa nyuma ya jiwe kubwa kando ya Ziwa Nyasa, moyo unanidunda, naangalia huku na huku kama mwizi.

Nitawaeleza. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, hata kwenye daftari langu sijaliandika, na humo nimeandika mengi ya aibu.

Baba yangu ni Mkisi. Hapa Kibaha nikisema hivyo watu huniuliza mara mbili, maana kabila letu ni dogo na liko mbali, huko Kyela, mbele ya Matema, kwenye kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Milima ya kule inashuka moja kwa moja mpaka majini. Pa kujenga ni pachache na pa kulima ni pachache zaidi, kwa hiyo tangu zamani watu wameishi kwa vitu viwili: wanaume samaki, wanawake vyungu. Mtoto wa kike anaanza kufinyanga kabla hajajua kusoma. Mimi nilikuwa najua kusoma, ila udongo nilikuwa sijaushika.

Likizo ya Juni, nikiwa darasa la tatu, baba alinipeleka kwa mama yake nikakae wiki tatu. Tulipandia basi kituo cha Kwa Mathias kukiwa bado na ukungu, tukasafiri siku nzima na kipande cha siku ya pili, na mwisho kabisa tukaingia kwenye mtumbwi, kwa sababu gari haifiki. Bahari nilikuwa nimeiona mara mbili, kwa hiyo nilidhani najua maji mengi yakoje. Nikachota kwa kiganja, nikaonja nikitegemea chumvi. Yalikuwa matamu kama ya mtungi. Mwenye mtumbwi alinitazama akacheka, akamwambia baba kwamba hili ziwa ndilo kisima chetu, mbona hukumwambia mtoto.

Bibi alikuwa mrefu, mwembamba, na kucha zake zilikuwa na udongo mweupe usiotoka hata akioga. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Katika hilo tulifanana. Mimi ni mtu wa haya mpaka leo, ila wakati ule nilizidi. Wiki ya kwanza watoto wa jirani waliulizana kama mimi ni bubu. Baba mdogo Gwakisa, mdogo wake baba, ambaye alikuwa mvuvi na aliishi nyumba ya pili kutoka kwa Bibi, aliniita Mzaramo wangu kwa sababu ya mama, na kila alipopita aliniuliza, "Mzaramo wangu, leo tutasikia sauti?" Mimi nilijificha nyuma ya kanga ya Bibi, nikacheka humo humo bila kutoa sauti.

Asubuhi za kule nazikumbuka kuliko kitu kingine. Boti zilitoka alfajiri kwenda kutoa nyavu zilizotegwa jioni yake, na zilirudi jua likishapanda, kama saa tatu au nne hivi. Wanawake walishuka na mabeseni yao. Hakuna aliyeuliza, "Mmepata?" Kuuliza hivyo kulionekana utovu wa adabu. Ulisalimia, ukaingia majini mpaka magotini, ukaweka mkono kwenye boti na kuivuta pamoja na wengine. Aliyeweka mkono hakuondoka mikono mitupu, hata kama ni mtoto ambaye mkono wake haukusaidia chochote. Mimi wangu haukusaidia chochote, na bado niliondoka na usipa kwenye upindo wa gauni, wale samaki wadogo wanaong'aa kama vijiko. Tena kabla samaki yeyote hajaingia kwenye beseni la mwenyewe, fungu la kwanza la kila boti lilitiwa kwenye kikapu kimoja kilichokaa juu ya jiwe. Kikapu hicho kilikuwa cha nyumba ambazo hazikuwa na mwanamume ziwani. Sikuwahi kuona mtu akikigawa. Ikifika mchana kilikuwa kitupu, basi.

Mchana usipa walianikwa juu ya mawe na mchanga, na kijiji kizima kikanuka samaki na jua. Wanawake wakakaa vivulini mwa nyumba zao wakizungusha vyungu mikononi. Bibi alikuwa amechoma vyungu kumi na vinne kwa ajili ya mnada wa Jumamosi kule Matema. Vilipangwa ndani ukutani, rangi ya maziwa, na mistari myekundu shingoni. Aliniahidi kwamba Jumamosi hiyo tutapakia vyungu kwenye mtumbwi na mimi nitakaa katikati yake nivishikilie. Nilihesabu siku. Usiku nililala nikivitazama.

Sasa niwaambie kuhusu sufuria.

Kule, kitu kilichokaa motoni hakiingii ziwani. Chungu chenye masizi, sufuria, hata kijiti kilichoungua, hakigusi maji ya ziwa. Ukitaka kuosha sufuria unachota maji kwa ndoo safi, unapanda nayo mpaka juu ya mstari wa mawe yaliyopangwa ufukweni, unaosha huko, na maji machafu unayamwaga mchangani. Bibi alinionyesha mstari ule siku ya kwanza nilipofika. Alisema ziwa halipendi masizi, na likichukizwa linaita Mwera, ule upepo wa kusini unaoinua mawimbi, na Mwera ukija boti zikiwa nje, kinachofuata Mungu ndiye anajua. Alilisema kwa sauti ile ile aliyonielekezea choo kilipo. Nilisikia vizuri, na nilielewa. Nataka mjue hivyo, kwa sababu miaka mingi nilijifariji kwamba nilikuwa mgeni na sikujua. Nilijua.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Bibi alipanda mlimani kutafuta nyasi kavu, akaniachia uji motoni. Maagizo yalikuwa mafupi: koroga, usiache. Nilikoroga. Halafu watoto wa jirani wakapita na mtego wa panya wenye panya ndani, na wakaniita nikaone. Ilikuwa mara ya kwanza wananiita. Nilienda, nikasema neno moja au mawili kwa sauti, nikajiona nimekuwa mtu. Niliporudi uji ulikuwa umeungua mpaka unanuka nje ya nyumba.

Sijui kama mnaijua aibu ya mtoto wa haya. Mtoto mwingine angesema, Bibi, uji umeungua, akachapwa au akachekwa, yakaisha. Mimi niliona afadhali nife. Uji niliuzika nyuma ya migomba, nikafukia kwa miguu. Ikabaki sufuria, ndani limeganda, nje jeusi. Ndoo ilikuwa na maji kidogo tu. Kuchota na kupanda mara tatu nne mbele ya wanawake wote waliokuwa ufukweni kungeleta maswali. Nikalificha sufuria chini ya gauni, likanichafua tumbo, nikapita njia ya pembeni mpaka kwenye jiwe kubwa ambalo nyuma yake hakuna anayekuona. Hapo nikalizamisha lote.

Masizi yalitawanyika juu ya maji kama utando, yana rangi rangi pembeni. Nilisugua kwa mchanga na fundo la nyasi. Nilisugua kwa bidii zote, ndani na nje, kama tunavyosugua sisi wa Tumbi, mpaka sufuria la Bibi likang'aa kama jipya. Nilijisikia nimefanya kazi nzuri. Lile fundo la nyasi nikalitupa hapo hapo. Nikaosha mikono, nikaosha tumbo, nikarudi na sufuria nikaliweka kwenye figa kama lilivyokuwa.

Nilikuwa bado naliangalia pale upepo ulipopiga mlango.

Kwanza sikutaka kuamini. Halafu nikasikia migomba inavyopasuka majani, nikatoka. Ziwa ambalo asubuhi lilikuwa limelala lilikuwa limebadilika rangi, kijani kizito, na mbali kabisa kulikuwa na mistari myeupe mingi inakuja. Wanawake walikuwa tayari wanashuka. Boti za karibu ziliingia haraka haraka, moja, mbili, tano, watu wanazidaka na kuzivuta hadi juu kabisa. Bibi alishuka kutoka mlimani bila nyasi zake. Alipita nyumbani mara moja, akatua kamba, akashuka na sisi wote majini kuvuta boti, kanga yake ikalowa mpaka kiunoni.

Boti ambayo haikurudi ilikuwa ya baba mdogo Gwakisa. Walikuwa watano ndani. Nyavu zao walizitega mbali, upande wa pili wa rasi, kwa sababu walikuwa wanatafuta mbasa, yule samaki mkubwa wa fedha ambaye watu wa Kyela wanamheshimu kama nyama ya sikukuu.

Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Hakuna aliyelia na hakuna aliyeondoka. Wanawake walisimama juu ya mawe, kanga zinapigwa upepo, wakitazama upande mmoja. Mimi nilisimama nyuma ya Bibi. Ndani yangu nilikuwa nimeshamuua baba mdogo. Nilikuwa nimeshaona mazishi, nimeshaona baba anakuja kutoka Kibaha, na mimi nasimama mbele ya watu na siwezi kutoa sauti. Nilijaribu kusema. Nawaapia nilijaribu. Nilifungua mdomo mara mbili na hewa ikatoka peke yake.

Ndipo Mama Sekela akaja kutoka upande wa jiwe kubwa. Mama Sekela alikuwa jirani wa Bibi, mwanamke mnene wa utani mwingi, aliyeniita mtoto wa bomba kwa sababu nilishangaa ziwa halina mfuniko. Siku ile hakuwa na utani. Mume wake alikuwa kwenye boti ile ile. Mkononi alishika fundo la nyasi, jeusi, linachuruzika.

Hakupaza sauti. "Nani ameingiza sufuria ziwani?"

Watu wote waligeuka kuangalia lile fundo. Halafu macho yakaanza kuzunguka, na nikayaona yanakuja taratibu upande wetu, kama maji yanavyotafuta bonde. Bibi alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanivuta, akanifunika na kanga yake iliyolowa. Nikahisi mkono wake unanisugua nyuma ya mkono wangu, kwa nguvu, kama mtu anayempasha mtoto joto. Nikadhani ndivyo. Kulikuwa na baridi kweli.

"Ni mimi, Mama Sekela," Bibi akasema.

"Wewe?"

"Uji uliniungulia. Nikaona uvivu kupanda na ndoo."

Mama Sekela alishusha lile fundo. "Wewe ndiye uliyenicharaza mimi kwa jambo hili hili, nikiwa msichana. Hapa hapa."

"Nakumbuka," Bibi akasema. "Leo ni zamu yangu."

Sasa sikilizeni mtoto wa miaka tisa alivyofikiri, na msinicheke sana. Sikufikiri kwamba Bibi ananikinga. Nilifikiri: kumbe na wa Bibi uliungua. Niliona wazi kabisa kwamba lazima alipika uji mwingine alfajiri mimi nikiwa nimelala, ukamuungulia, akaenda kuosha sufuria nyuma ya jiwe lile lile, na yeye ndiye aliyeita upepo kabla yangu. Kosa langu lilikuwa limekuja juu ya lake. Na yeye ni mtu mzima, kwa hiyo lake ni kubwa zaidi. Mzigo wote ulinidondoka kifuani. Nilimhurumia Bibi, lakini nilimhurumia nikiwa nimepona.

Walirudi jua likiwa limeegemea milima, si kwa maji bali kwa miguu. Tuliona watu watano wanakuja kwa mstari juu ya mawe ya rasi, makasia begani. Walikuwa wameingia kwenye kijighuba upande wa pili, wakavuta boti juu, wakangoja mpaka wakachoka kungoja. Nyavu mbili zilikuwa zimekwenda na maji. Mama Sekela aliwahesabu kwa kidole, moja mpaka tano, kisha akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, mzima mzima, kama gunia lililotuliwa.

Kuna desturi ya mtu aliyeingiza sufuria. Watu wakirudi salama anawapikia yeye, kwa sufuria lile lile, pale kwenye mstari wa mawe, mbele ya wote. Anawanawisha mikono mmoja mmoja, na hakuna anayezungumza mpaka wameanza kula. Baadaye, mpaka mnada wa wiki hiyo upite, hashuki ufukweni wala hapandi mtumbwi, yeye wala mzigo wake, na maji anachotewa na wengine. Hayo ndiyo yote. Hakuna matusi na hakuna kukumbushwa tena.

Bibi alisonga ugali wa watu watano. Aliwanawisha, na alipofika kwa mwanawe wa kumzaa alimnawisha kama wengine, kainama vile vile. Baba mdogo alitafuna tonge la kwanza polepole, akalimeza, akasema, "Mama, ugali wako una mchanga."

Watu walicheka kicheko ambacho kilikuwa kimekaa kifuani tangu asubuhi. Mama Sekela alicheka huku anajifuta machozi. Na mimi nilicheka, kwa sauti, ufukwe mzima ukanisikia, na baba mdogo akageuka akasema, "Sikieni, Mzaramo ana sauti."

Mpaka hapo mngeweza kunisamehe. Kinachonichoma ni Jumamosi.

Jumamosi mitumbwi ilipakiwa vyungu tangu alfajiri. Mama Sekela alikuja mlangoni akauliza kama kuna njia, labda mtoto peke yake aende. Bibi akasema hapana, ilivyo ndivyo ilivyo. Mitumbwi ikaondoka, watoto wa jirani wamekaa katikati ya vyungu wamevishikilia, wananipungia. Na mimi nikamnunia Bibi. Nilimnunia siku nzima. Nilikaa karibu na vile vyungu kumi na vinne, nikageuzia uso ukutani, na moyoni nikasema yote haya ni kwa sababu yeye aliunguza uji. Aliniita kula, sikwenda. Mchana alikuja akakaa sakafuni karibu yangu, akanitilia donge la udongo mkononi. Jioni nilikuwa na kichungu kimoja, kimepinda upande, mdomo wake kama umeng'atwa. Alikichoma pamoja na vingine wiki iliyofuata. Kiko hapa mezani kwangu ninapoandika, nimetia kalamu.

Miaka minane nilibaki na hadithi yangu ya masufuria mawili. Sikuwa naifikiria. Ilikaa tu pale, kama vitu vingine vya utotoni ambavyo hujawahi kuvigeuza kuona upande wa pili. Nimesoma jiografia ya kidato cha tatu, najua Mwera unatoka wapi na kwa nini unavuma Juni, na kwamba hauhitaji uji wa mtu yeyote. Nilidhani kwa kujua hivyo nimemaliza.

Basi Jumamosi ile ya gesi, nilisugua sufuria likang'aa. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikaingia ndani nikijiona safi. Mama aliniangalia kutoka kwenye kochi akaanza kucheka. "Atu, na hicho kiwiko unamwachia nani?"

Nikageuza mkono. Sikuona kitu. Ikabidi nisimame kwenye kioo. Nyuma ya mkono, kuanzia kiwikoni kupanda juu, mahali ambapo mtu hawezi kujiona mwenyewe, palikuwa na doa jeusi la masizi pana kama kiganja.

Nilikaa kitandani. Mama aliniuliza kama kuna kitu, nikamwambia hakuna. Nilikuwa nahisi kanga iliyolowa, na mkono unaosugua nyuma ya mkono wangu, mahali pale pale, kwa nguvu, wakati macho ya watu wote yanakuja upande wetu. Hakuwa ananipasha joto. Nikakumbuka kwamba alipotoka mlimani alipita nyumbani kwanza. Aliona sufuria linang'aa kwenye figa. Alisikia uji ulioungua, maana harufu ile haizikwi nyuma ya migomba. Hakukuwa na uji wa pili. Bibi, wa kwaya, aliyekuwa mkali wa mstari ule kuliko wote, alidanganya mbele ya wanawake wote, mwanawe akiwa bado majini. Halafu nikamnunia.

Jumapili baada ya ibada nilimwomba baba simu. Mimi na simu hatupatani, kwa hiyo niliandika maneno kwenye karatasi kwanza. Bibi sasa ana simu ya batani, na mtandao anaupata akisimama juu ya lile jiwe kubwa, ndiyo, lile lile.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unaumwa?"

Aliuliza hivyo kwa sababu nampigia mara chache. Nikasema siumwi. Karatasi nikaiacha. "Bibi, lile sufuria. Mwaka ule wa upepo. Nilikuwa mimi."

Nilisikia kuku upande wake, na maji.

"Sufuria langu halijawahi kung'aa vile tangu nilinunue," akasema.

"Mbona hukuniambia kwamba unajua?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Miaka minane, Bibi?"

"Sikuwa nangoja tu. Nilikuwa na kazi nyingine pia."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo sikuwa najua linawezekana. Nikamwomba msamaha wa ile Jumamosi, wa kununa. Akasema hakumbuki kununa, anakumbuka kichungu kibaya kuliko vyote alivyowahi kuchoma. Halafu sauti yake ikawa ile ya kunionyesha mstari wa mawe. "Gwakisa yuko hapa anashona nyavu. Mimi umeniambia, lakini mimi sikuwa kwenye boti."

Kabla sijajibu nikasikia simu inatoka mkono mmoja kwenda mwingine. Moyo ukadunda vile vile kama nyuma ya jiwe. Nikafungua mdomo mara ya kwanza, ikatoka hewa.

"Mzaramo wangu," baba mdogo akasema. "Leo tutasikia sauti?"

Nikamwambia. Lote, toka panya mpaka fundo la nyasi. Hakunikatiza.

"Ule mchana niliogopa sana," akasema. Hakuwahi kuwa na sauti hiyo, si kwangu. "Sikuwahi kumwambia mtu." Kisha akakohoa, akarudi alivyo. "Basi ujue tulikuwa watano. Wote bado tupo, na tunakula. Njoo Desemba. Na safari hii usitie mchanga."

Nikisoma tena niliyoandika hapa juu, naona nilikuwa nimeelewa sehemu tu. Nilidhani desturi ile ilihusu ziwa na hasira zake. Sasa nafikiri ilihusu watu watano waliokuwa wameogopa, na mmoja aliyepaswa kuinama awanawishe mikono, ili kesho yake waweze tena kusukuma boti majini bila kuangaliana vibaya. Mmoja huyo nilikuwa mimi. Bibi aliinama badala yangu kwa sababu nilikuwa bado mdogo, na nafasi yangu akaniachia wazi mpaka niweze kuifikia.

Gesi ilijazwa zamani. Lakini kila Jumamosi natoka uani, napanga mawe matatu, nawasha kuni za mkorosho. Mama ananiuliza nina nini na kuni wakati jiko lipo. Namwambia najifunza. Ugali wa watu watano ni mzito kuliko nilivyodhani, mwiko unagoma katikati, na mpaka sasa sijaupata bila madonge.